Kware Katika Chumba cha Mzazi

Vifaranga wale walinieleza siku sita, na kila siku mimi niliwajibu kwa kuongeza makaa.

Nasema hivyo sasa kwa kuwa najua. Wakati ule nilikuwa bibi wa miaka sitini na kitu, nimezaa saba, nimewapokea watoto wa wenzangu kule milimani juu ya Fizi na hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale pia, na hakuna mtu ambaye angenifundisha namna ya kumtunza mzazi, mwanamke aliyetoka kujifungua. Kuhusu kware, ndiyo, nilikuwa mwanafunzi. Na katika chumba kimoja nilikuwa nimewalaza wote: vifaranga ndani ya katoni, Orpa mke wa mwanangu juu ya godoro, na kando yake Ushindi, mjukuu wangu, aliyekuwa na siku nne tangu azaliwe.

Ilikuwa mwaka 2014, mwezi wa kumi, mvua imekamata nchi. Mwaka ule kila mtu alikuwa na habari za kware. Mayai yake, walisema, yanatibu presha, yanatibu sukari, yanatibu pumu, mpaka mtu unajiuliza kwa nini bado tunazika. Mwanangu Gradi anaendesha boda boda Mbarara, pale Kakoba, na mama mmoja wa mtaa wake alikuwa akiangulisha mayai ya kware kwa mashine nyuma ya nyumba. Gradi alipokuja kumwona mtoto wake, alikuja na katoni imefungwa kifuani chini ya koti la mvua, kama mwanamke aliyebeba mtoto kwa mbele.

Akaifungua juu ya meza. Niliona kitu kama nyuki wakubwa, mistari ya manjano na kahawia, kila mmoja hazidi kichwa cha dole gumba langu.

"Gradi, umeniletea ndege ao wadudu?"

"Mama, usiwacheke. Kuku unaweza kumusahau, anajitafutia. Hawa ukiwasahau saa moja tu, unazika."

Akanieleza jinsi alivyoelezwa yeye. Wakae kwenye joto kama la kwapa, usiku na mchana, wiki mbili. Wakijikusanya kwa kilima kimoja, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni na kufungua midomo, joto limezidi. Wakilala wametandaa kama mahindi uliyomwaga juu ya mkeka, hapo ni sawa. Chakula kiwe laini kama unga, na samaki ndani yake.

"Na hewa, mama. Yule mama alirudilia mara mbili. Hewa ipite."

Nikachukua msumari, nikaupasha moto, nikatoboa katoni pande zote nne. Gradi akacheka. "Sasa hii katoni iko na madirisha mingi kushinda nyumba!"

Tukacheka wote. Orpa alicheka kutoka chumbani, akashika tumbo maana kucheka kulimuuma. Hakuna hata mmoja wetu aliyesikia kile Gradi alichokuwa amesema.

Siku ya pili akarudi Mbarara kazini.

Mimi napenda kazi ndogo ndogo. Ndagala, samaki wale wadogo wakavu, niliwasaga juu ya jiwe mpaka wakawa vumbi, nikachanganya na chakula cha vifaranga vya kuku, nikachekecha kwa kitambaa cha chandarua. Asubuhi ya kwanza niliwakuta watatu wamekufa ndani ya maji, na maji yenyewe yalikuwa ya kifuniko cha ndoo, kina cha ukucha. Mtoto wa kware akilowa hajui kutoka. Nikaokota changarawe, nikaziosha, nikazipanga kifunikoni hata maji yakabaki katikati ya mawe tu, fasi ya kuingiza mdomo. Tena niliona wanateleza juu ya gazeti, miguu inafunguka kama mkasi. Nikatoa gazeti, nikatandika kipande cha kitenge kilichochakaa. Baada ya hapo hakufa hata mmoja. Nikajisemea, Marthe, umeweza.

Hapo katoni ilikuwa bado sebuleni, juu ya meza, na mbabula, jiko la makaa, chini yake.

Siku hiyo Yudita alikuja. Nyumba yake na yangu ziko hatua ishirini. Ni mwanamke mrefu, wa kusema wazi, naye alikuwa hana mtoto hata mmoja aliye hai. Alileta uji wa mtama kwa ajili ya Orpa. Nilimpokea sebuleni, maana kwetu mgeni haingii kwa mzazi kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka. Akainama juu ya katoni.

"Ee, Mama Gradi! Hii ni vitu gani?" Akanyosha kidole. "Moja, mbili, tatu, nne..."

Sikuwahi kumzuia. Alihesabu mpaka mwisho, kidole kikimgusa kila mmoja hewani. "Makumi tatu na saba! Bote bazima!"

Kwetu mtu hahesabu kwa kidole kitu kilicho hai. Ng'ombe hahesabiwi, watoto hawahesabiwi, na ukiulizwa una watoto wangapi unajibu, Mungu anajua. Anayehesabu anaonyesha kifo njia. Na huyu aliyehesabu alikuwa mwanamke ambaye watoto wake hawakubaki.

Alipoondoka tu, nilibeba katoni nikaiingiza chumbani kwa mzazi, mbali na macho ya watu. Nikaona pia ni akili nzuri: moto mmoja utawatosha wote.

Niwaeleze kile chumba. Kwetu mzazi anakaa ndani na moto. Upepo hauruhusiwi kumgusa, kwa sababu mwili wake uko wazi, na upepo ukiingia hautoki. Mama yangu alinifanyia hivyo, na mama yake alimfanyia hivyo. Lakini nyumba ya mama yangu ilikuwa ya nyasi, na moto wake ulikuwa wa kuni. Moshi ulipanda ukapita katikati ya nyasi, na ukisimama nje asubuhi uliona nyumba nzima inatoa moshi kama chungu. Hapa Nakivale nyumba yangu ilikuwa ya udongo, na juu tulifunika bashi, turubai lile jeupe tulilopewa tulipofika. Bashi haipitishi maji, wala haipitishi kitu kingine chochote. Na moto wangu ulikuwa wa makaa, makaa mazito yanayotoka upande wa Endiinzi, ya mti mgumu, yanawaka polepole bila moshi. Nilijisifu kwa hilo. Nilimwambia Orpa, "Unaona, mjukuu wangu hatalia macho kwa moshi kama watoto wa zamani."

Mwanzoni nilikuwa nawasha mbabula kwa saa chache tu, mzazi akioga. Kwa sababu ya kware sasa ilibidi iwake mchana na usiku.

Asubuhi iliyofuata nilikuta wawili wamekufa.

Hawakuwa na maji. Hawakuwa na jeraha, wala miguu haikufunguka. Walilala vichwa vimegeuka nyuma kama wanaotazama juu. Nilimchukua mmoja kiganjani, nikapuliza manyoya ya kifua. Ngozi ilikuwa nyekundu, nyekundu nzuri, kuliko ya wale wazima. Nimechinja kuku maisha yangu yote. Mnyama aliyekufa anafifia rangi. Huyu alikuwa kama amepakwa.

Nikasema, ni kile kidole.

Wengine walikuwa wamejikusanya pembeni, wamesinzia. Nikakumbuka maneno ya Gradi: wakijikusanya, ni baridi. Nikaongeza makaa. Nikatafuta fasi upepo unapoingilia. Kati ya ukuta na bashi kulikuwa na mwanya upana wa vidole viwili, nikaujaza kwa matambara. Dirisha lilikuwa la mbao, nikalipigilia gunia.

Asubuhi ya pili wakafa wanne. Asubuhi ya tatu, watano, wote kwa namna ileile, vichwa nyuma, ngozi nyekundu.

"Mama," Orpa akaniambia, "kichwa inaniuma sana."

"Ni maziwa yanapanda."

"Na natapika."

"Ni uzazi wa kwanza. Lala."

Alilala. Alilala sana. Orpa ni msichana wa maneno, tulizoea kumtania kwamba alizaliwa akiuliza bei, lakini sasa ningemwita mara tatu ndipo afungue macho. Na Ushindi hakuwa tatizo hata kidogo. Ndivyo nilivyosema kwa watu bombani: mjukuu wangu hasumbui, halii, ni mtoto wa sifa. Ananyonya kidogo, anaachilia ziwa, analala. Wanawake walinionea wivu.

Mimi mwenyewe kichwa kilinibana nikikaa mle ndani, kama kilemba kilichofungwa na mtu mwenye hasira. Nikienda shambani kinaachilia. Nikirudi kinashika. Niliyaona haya yote. Mtu asiseme sikuona. Niliona kila kitu, nikakipa jina moja, na jina lilikuwa Yudita.

Siku ya nne tangu niingize katoni chumbani, Yudita alipiga hodi. Sikufungua. Nilisimama nyuma ya mlango wa sebule nimeushika kwa mikono miwili.

"Mama Gradi! Odi!"

"Hapa kuko muzazi."

"Najua kuko muzazi. Ndiyo maana niko nakuja. Nimekutana na wewe bombani, unatembea kama mulevi. Orpa iko namna gani?"

"Iko muzuri."

"Na mutoto?"

"Umekuja kumuhesabu naye?"

"Kuhesabu nini?"

"Unajua."

"Eh! Ule siku? Mama Gradi, nilihesabu bandege! Sikuhesabu bantu."

"Tangu ule siku banakufa."

"Banakufa?" Sauti yake ikabadilika. "Banakufa namna gani? Banalala tu? Mama Gradi, sikia. Ile mbabula iko ndani? Munafunga dirisha? Fungua mulango nikwambie kitu. Dada yangu, tukiwa kwa kambi ya njiani, kwa tenti..."

Nikaanza kuimba. Nilichukua wimbo wa kanisani, ule tunaouimba tukimsindikiza marehemu na kufukuza shetani kwa pamoja, nikauimba kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, mdomo wangu karibu na ubao. Yeye alisema, mimi niliimba. Yeye akapiga mlango kwa kiganja, mimi nikapanda sauti. Niliimba beti zote nne. Nilipomaliza, alikuwa ameondoka.

Kitovu kilidondoka siku ya tano. Siku hiyo ndiyo ya kumtoa mzazi nje aone jua. Sikumtoa. Nilisema amedhoofika mno, upepo utammaliza. Vifaranga walikuwa wamebaki kumi na kitu. Hawakulia tena kama zamani. Kware wadogo wakiwa wazima wanapiga kelele kama mvua ndogo juu ya bati, hata ukiwa njiani unasikia. Sasa walikuwa wanatoa sauti moja moja, kama mtu anayeota ndoto.

Siku ya sita ilikuwa zamu yetu ya mgao wa chakula. Foleni ni ya tangu asubuhi mpaka alasiri, na kadi ni yangu, hakuna wa kunisimamia. Mvua ilikuwa inatonya. Nikafikiri, nikichelewa moto utazima na wote watapatwa na baridi. Nikajaza mbabula mpaka juu. Nikasogeza katoni karibu na godoro. Nikamfunika Ushindi blanketi mbili.

Orpa alinishika kitenge. "Mama, acha mulango kidogo."

"Upepo utakuua, mwanangu."

"Kidogo tu."

Nilimtoa vidole kimoja kimoja, kwa upole. Nikatoka, nikafunga mlango wa chumba, nikakunja kitambaa kirefu nikakisukuma chini ya mlango kwa mguu, mpaka nikaona hakuna mwanga unaopita.

Kwenye foleni kichwa changu kilifunguka. Mpaka saa sita nilikuwa mwepesi kama msichana, nikataniana na watu, nikamshukuru Mungu kwa kunigusa. Nilipata unga, maharage na mafuta. Nilijitwika, nikarudi katika mvua ambayo sasa ilikuwa imekuja kweli, matope yakivuta ndara zangu.

Nilipofika pale njia inapopinda nikasikiliza kware, kama nilivyozoea. Sikusikia kitu. Nikajisemea ni mvua.

Kisha nikaona nyumba. Bashi ya juu ya chumba ilikuwa imepasuliwa kutoka juu mpaka ukutani, inapigapiga katika upepo kama bawa. Dirisha lilikuwa chini. Na katika matope mbele ya mlango wangu Orpa alikuwa amelala chali, nguo imemgandama, mvua ikimpiga usoni, mdomo wazi. Yudita alikuwa amepiga magoti kando yake, panga liko chini, na Ushindi yuko mikononi mwake uchi kabisa. Alikuwa anampiga nyayo kwa vidole.

Nilitupa mzigo. Unga wote ukaenda.

"Mchawi!" Nilipiga kelele kijiji kizima kikasikia. "Muniokoe! Anamuua mjukuu wangu kwa mvua!"

"Mama Gradi, ngoja..."

Sikungoja. Nilimnyang'anya mtoto. Nilikuwa na nguvu ambazo sijazipata tena. Nilimfunga kifuani, nikakimbia naye ndani, nikapita sebuleni, nikaingia chumbani kwenye joto, kwa maana hicho ndicho nilichojua. Mtoto aliyelowa, mtie kwenye joto. Nyuma yangu Yudita alikuwa analia, "Hapana ndani! Hapana ndani! Mumuache kwa hewa!"

Mbabula bado ilikuwa nyekundu. Hata na bashi iliyopasuliwa, joto lile lilinipiga usoni kama mkono. Nikainama nichukue blanketi, na hapo macho yangu yakaangukia katoni.

Wote walikuwa wamekufa. Walikuwa wametandaa vizuri, kama mahindi juu ya mkeka, kama Gradi alivyosema ni sawa. Isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa amesimama. Alikuwa amekufa akiwa amesimama, amejibana kwenye ukuta wa katoni, na mdomo wake mdogo ulikuwa umeingia ndani ya tundu la msumari na kutokea upande wa pili.

Nilimtazama yule ndege. Sijui ni muda gani. Alikuwa na kila kitu nilichompa: joto, chakula cha kuchekecha, maji na changarawe zake. Alikuwa ametafuta kitu kingine.

Kisha nikamtazama Ushindi, na mashavu yake yalikuwa mekundu, mekundu vizuri.

Nilitoka mle kwa kuanguka. Magoti yalinitangulia, nikampeleka mtoto mbele yangu kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka, na Yudita akampokea, akamgeuza, akampuliza puani, akampiga tena nyayo. Majirani walikuwa wamejaa. Orpa alikohoa kwanza, akatapika matopeni. Mvua ilikuwa inanyesha juu yetu sote na mimi niliiacha inyeshe.

Ushindi alilia. Ilikuwa sauti nyembamba, ya kukwama, kama mlango usiotaka. Ndipo nikakumbuka ilikuwa siku ngapi sijaisikia.

Kliniki walisema ni sumu ya makaa, wakawaweka siku tatu wakiwapa hewa ya chupa. Gradi alikuja kutoka Mbarara usoni amekuwa mzee. Sikumwambia habari ya Orpa kunishika kitenge. Orpa naye hakumwambia. Mpaka leo hatujaisema.

Kwa Yudita nilikwenda baada ya wiki, nimebeba kuku. Neno nililolipiga siku ile lilikuwa limetembea kijijini kwa miguu yake, na watu waliokuwa wakimwazima kinu walikuwa wameacha. Nilimkuta anapepeta maharage. Hakuniambia keti.

"Dada yako," nikasema. "Siku ile ulitaka kunieleza habari ya dada yako."

"Uliimba."

"Niliimba."

"Ni mimi nilimufungia tenti," akasema, akiendelea kupepeta. "Yeye na mutoto wake. Kulikuwa baridi. Nilibawashia mbabula, nikafunga muzuri, nikaenda kutafuta maji." Akatoa jiwe katika maharage, akalitupa. "Nawe ulikuwa unanifukuza juu ya kidole."

Akaja nami mpaka nyumbani. Orpa alikuwa ameketi nje na mtoto kwenye jua. Yudita akasimama mbele yao, akanyosha kidole kilekile, akanitazama mimi.

"Moja," akasema. "Mbili. Hesabu na wewe, Mama Gradi."

Nikanyosha kidole changu. Nikahesabu.

Huu ni mwaka wa 2015, mwezi wa nane. Gradi alileta kware wengine, wako nje chini ya paa la jikoni, katika kizimba cha waya, na mayai wameshataga. Bashi sikuishona. Mvua ikinyesha naweka beseni. Orpa amerudia maneno yake, ingawa mikono inamtetemeka akishika kikombe.

Ushindi ana miezi kumi. Ni mtoto mtulivu. Muuguzi alisema tungoje, tuone, wengine wanachelewa tu. Kila asubuhi anapokaa juu ya mkeka ninasimama nyuma yake, fasi asiyoweza kuniona, na ninaita jina lake. Ninaita mara moja, kwa sauti ya kawaida, halafu ninangoja.

Siku nyingine anageuka.